Roger Williams: mkimbizi aliyetenganisha kanisa na serikali

Mnamo Januari 1636, katikati ya majira ya baridi kali huko Amerika ya Kaskazini, mchungaji mmoja mwenye umri wa miaka 33 hivi aliaga familia yake katika mji mdogo wa Salem. Alimwacha mke na watoto wawili wa kike, mmoja wao akiwa mchanga wa miezi michache. Theluji ilikuwa imefunika njia zote, na mwenyewe alikuwa ametoka kuugua. Siku tatu baadaye askari walifika kumkamata ili wamtie melini na kumrudisha Uingereza. Hawakumkuta.

Mtu huyo hakuwa ameiba, hakuwa ameua, na wala hakuwa amemkana Mungu. Alikuwa mcha Mungu kupita wengi wa wale waliomfukuza. Kosa lake lilikuwa kufundisha kwamba serikali haina mamlaka juu ya imani ya mtu, na kwamba hakimu hana ruhusa ya kumwadhibu raia kwa sababu ya namna anavyosali au asivyosali.

Jina lake ni Roger Williams. Wasomaji wetu wengi wanajua maana ya kufungasha usiku na kuvuka kwenda kwa watu wa lugha nyingine, na wengine wanajua maana ya kuishi kwa biashara ya mpakani. Mtu huyu alipitia yote mawili. Alikuwa mkimbizi, kisha akawa mfanyabiashara, na mji aliouanzisha uhamishoni uliwapa watu wa dini zote mahali pa kukaa bila kuulizwa wanasali wapi.

Mtoto wa London

Williams alizaliwa London mnamo mwaka 1603 hivi. Baba yake, James Williams, alikuwa mfanyabiashara wa chama cha mafundi cherehani, na familia iliishi karibu na uwanja wa Smithfield. Mahali hapo palikuwa na soko la mifugo, lakini palijulikana pia kwa jambo la kutisha. Kwa miaka mingi watu waliohukumiwa kuwa wazushi wa dini walichomwa moto hapo wakiwa hai. Mwaka 1612, Williams alipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, mtu aitwaye Bartholomew Legate alichomwa hapo Smithfield kwa sababu ya mafundisho yake.

Ili kuelewa mambo hayo ni lazima kukumbuka hali ya Ulaya ya wakati ule. Kila mfalme alikuwa na dini yake, na dini ya mfalme ndiyo iliyokuwa dini ya nchi. Katika Uingereza, mfalme Henry VIII alijitenga na Papa katika miaka ya 1530 na kujifanya mkuu wa kanisa la nchi yake. Mwanawe Edward akazidisha mageuzi hayo, binti yake Mary akairudisha nchi kwa Papa, kisha Elizabeth akaitoa tena. Kila mara kiti cha enzi kilipobadilika, raia walitakiwa kubadilika nacho, na waliokataa walifungwa au kuuawa. Sala ya Jumapili ilikuwa jambo la polisi na mahakama.

Kijana Williams alijifunza hatimkato, yaani ule mwandiko wa haraka wa kunakili maneno ya msemaji. Ujuzi huo ulimfanya apendwe na Sir Edward Coke, mwanasheria mkubwa kuliko wote wa Uingereza ya siku zile, aliyemchukua amwandikie mambo yaliyosemwa katika mahakama ya mfalme iliyoitwa Star Chamber. Coke ndiye aliyempeleka shule, na baadaye Williams akasoma katika Chuo cha Pembroke, Cambridge, alikopata shahada mwaka 1627. Akawa mchungaji wa nyumbani kwa familia moja ya kitajiri huko Essex, na mwishoni mwa mwaka 1629 akamwoa Mary Barnard.

Hata hivyo hakukaa sana. Yeye alikuwa miongoni mwa Wapuritani, Wakristo waliotaka kanisa la Uingereza lisafishwe na desturi walizoziona si za Biblia. Askofu William Laud alikuwa akiwabana sana watu wa kundi hilo. Mwezi Desemba 1630, Williams na mkewe walipanda meli iitwayo Lyon, wakafika karibu na Boston Februari 1631.

Waliokimbia mateso nao watesa

Koloni la Massachusetts lilikuwa jipya. Wapuritani walikuwa wamelianzisha wapate kumwabudu Mungu kwa namna waliyoiona kuwa sahihi. Mtu angefikiri kwamba watu waliokimbia mkono mzito wa serikali katika mambo ya dini wangejihadhari wasiunyanyue mkono huo wao wenyewe. Haikuwa hivyo. Mwaka huohuo wa 1631 iliamuliwa kwamba hakuna atakayepiga kura ila aliye mshiriki wa kanisa. Ni kweli kwamba wachungaji hawakuruhusiwa kushika vyeo vya serikali, lakini watawala walikuwa na wajibu wa kulinda mafundisho ya kanisa kwa nguvu ya sheria.

Williams alipokelewa vizuri. Kanisa la Boston lilimpa nafasi ya ualimu, heshima kubwa kwa kijana wa miaka 28 hivi. Akaikataa, kwa sababu kanisa hilo lilikuwa halijakata uhusiano na kanisa la Uingereza. Aliongeza jambo lililowashtua zaidi. Alisema kwamba zile Amri Kumi ziko za aina mbili. Ziko zinazohusu mtu na Mungu wake, kama kuabudu sanamu na kuivunja Sabato, na ziko zinazohusu mtu na jirani yake, kama kuua, kuiba na kusema uongo. Hakimu, alisema, anahusika na hizi za pili tu. Zile za kwanza ni kati ya mtu na Muumba wake.

Alikwenda Salem, kisha Plymouth kwa miaka kama miwili, kisha akarudi Salem mwaka 1633. Huko kote alizidi kusema. Alipinga wale waliodai kwamba hati ya mfalme wa Uingereza iliwapa ardhi ya Amerika. Kwa maoni yake, ardhi ile ilikuwa na wenyewe, na mfalme hawezi kugawa kisicho chake. Alipinga pia serikali kuwaapisha kwa jina la Mungu watu wasioamini. Kiapo ni ibada, alisema, na kumlazimisha asiyeamini kuapa ni kumlazimisha aseme uongo mbele za Mungu.

Mwaka 1635 ulitokea mkasa unaoonyesha wazi jinsi siasa na dini zinavyoweza kusongana. Mji wa Salem uliomba kwa Baraza Kuu la koloni upewe kipande cha ardhi cha Marblehead. Baraza likakataa kulishughulikia ombi hilo, kwa sababu kanisa la Salem lilikuwa limemfanya Williams kuwa mwalimu wake. Kwa maneno mengine, watu waliambiwa wachague kati ya mchungaji wao na mashamba. Williams alikasirika, akayaandikia makanisa mengine kuyataka yawakemee wajumbe wa Baraza waliokuwa waumini wao. Lakini shinikizo lilizidi, na watu wa Salem wakaanza kumwacha mmoja mmoja.

Oktoba 1635 alifikishwa mbele ya Baraza hilo, lililokuwa bunge na mahakama kwa wakati mmoja. Alitakiwa aifute kauli yake, akakataa. Akahukumiwa kufukuzwa. Kwa kuwa alikuwa mgonjwa, na mkewe ametoka kujifungua, alipewa ruhusa ya kukaa hadi baridi ipite, kwa sharti la kunyamaza. Hakunyamaza. Watu waliendelea kukusanyika nyumbani kwake kumsikiliza, ndipo wakubwa walipoamua kumkamata. Mtoto yule aliyezaliwa wakati wa kesi alipewa jina la Freeborn, maana yake aliyezaliwa huru.

Wiki 14 porini

Aliyemtonya kwamba askari wanakuja alikuwa John Winthrop, mmoja wa viongozi wakubwa wa koloni lenyewe. Winthrop hakukubaliana na mafundisho yake, lakini alimpenda kama rafiki, akamshauri kwa siri aelekee ghuba ya Narragansett, nje ya mipaka ya Massachusetts. Williams alimkumbuka kwa wema huo maisha yake yote.

Kwa muda wa wiki kama 14 alitangatanga katika baridi bila makao ya kudumu, kama alivyosimulia mwenyewe alipokuwa mzee. Waliomwokoa ni wenyeji wa nchi. Tangu alipokuwa Plymouth alikuwa amejifunza lugha yao, akilala katika nyumba zao zilizojaa moshi, na alikuwa amejenga urafiki na Massasoit, chifu wa Wawampanoag. Sasa mlango ulifunguliwa.

Majira ya kuchipua alianza kulima mahali paitwapo Seekonk. Mara ikaja barua ya upole kutoka kwa gavana wa Plymouth, kwamba pale alipo bado ni ndani ya mpaka wao, na wao hawataki kukosana na Massachusetts. Akashauriwa avuke tu maji, ng'ambo ya pili hakuna atakayemsumbua. Akaacha mazao yaliyoanza kuota, akavuka mto na wenzake wachache. Huko alipewa ardhi na Canonicus na Miantonomi, machifu wakuu wa Wanarragansett. Baadaye alisisitiza kwamba ardhi ile isingepatikana kwa fedha peke yake, bali ilipatikana kwa urafiki. Mahali hapo alipaita Providence, yaani majaliwa ya Mungu, akasema pawe kimbilio la wanaoteswa kwa ajili ya dhamiri zao.

Mambo ya kiraia tu

Watu walianza kumiminika, na kila mji unahitaji utaratibu. Wakazi wa Providence waliandika mkataba mfupi na kuutia saini. Waliahidi kutii maamuzi ya walio wengi, lakini wakatia sharti dogo lililobadilisha kila kitu. Utii huo ungekuwa katika mambo ya kiraia tu. Katika makoloni ya jirani, mikataba ya aina hiyo ilianza kwa kutaja wajibu wa kumtukuza Mungu na kueneza Injili. Huu haukutaja. Si kwa sababu waandishi hawakuamini, bali kwa sababu waliona kwamba mkutano wa kijiji hauna idhini ya kusema kwa niaba ya Mungu.

Jaribio la kwanza lilikuja mwaka 1638, tena lilitokea ndani ya nyumba ya mtu. Mkazi mmoja, Joshua Verin, aliacha kuhudhuria ibada zilizofanyika nyumbani kwa Williams. Hilo halikumletea taabu, maana hakuna aliyelazimishwa. Lakini mkewe alitaka kuhudhuria, naye akawa anamzuia na kumpiga vibaya. Mkutano wa mji ukaliangalia suala hilo. Mtu mmoja alimtetea mume akisema kwamba kumtawala mke ni sehemu ya dhamiri yake. Wengi walikataa hoja hiyo. Verin aliondolewa haki ya kupiga kura kwa kosa la kuzuia uhuru wa dhamiri wa mkewe, kisha akarudi zake Salem, na mkewe akalazimika kumfuata. Hapo ndipo tunapoona kwamba uhuru ule haukuwa wa wanaume wakuu wa nyumba peke yao, na kwamba kusema ni dini yangu hakukumpa mtu ruhusa ya kumwumiza mwingine.

Williams mwenyewe aliendelea kutafuta kanisa lililo safi. Mwaka 1638 au mwanzoni mwa 1639 alibatizwa upya, akasaidia kuanzisha kanisa linalotambuliwa kuwa la kwanza la Wabatisti katika Amerika. Baada ya miezi michache akatoka hata humo. Tangu hapo hakujiunga tena na kanisa lolote, ingawa alihubiri na kusali hadi kufa kwake. Mtu aliyekuwa na mashaka hivyo juu ya kulipata kanisa la kweli asingeweza kumkabidhi askari kazi ya kulichagua.

Duka la Cocumscussoc

Uhubiri haukumlisha. Williams alikataa kuishi kwa mishahara ya uchungaji, na kwa hiyo alilima, akafuga mbuzi na nguruwe, na akafanya biashara na Wanarragansett. Alijenga kituo cha biashara mahali paitwapo Cocumscussoc, maili kama 20 kusini ya Providence. Alibadilishana nguo na vifaa vya chuma kwa ngozi za wanyama. Fedha ya huko ilikuwa shanga za makombe ya baharini, kama vile zamani watu wa kwetu walivyotumia kauri. Alikataa kuuza bunduki na baruti, ingawa alijua fika kwamba faida yake ilikuwa kubwa.

Kama ilivyo kwa mfanyabiashara yeyote wa mpakani, mtaji wake mkubwa ulikuwa lugha na uaminifu. Mwaka 1636 vita vilipozuka kati ya Waingereza na Wapequot, watu walewale waliomfukuza walimwandikia kuomba msaada. Alipanda mtumbwi peke yake katika dhoruba, akaenda kwa machifu wa Narragansett na kukaa nao siku tatu, akawashawishi wasijiunge na Wapequot. Huenda aliokoa koloni zima la Massachusetts. Wako waliopendekeza afutiwe adhabu. Haikufutwa.

Ndiyo maana mwaka 1643, alipohitaji kusafiri kwenda London, hakuweza kupitia bandari ya Boston iliyokuwa karibu. Alilazimika kwenda hadi mji wa Waholanzi uliokuja kuitwa New York. Sababu ya safari ilikuwa nzito. Makoloni ya jirani yalikuwa yameungana na kuiacha nje miji ya Williams, huku yakiimezea mate ardhi yake. Bila hati rasmi kutoka London, kimbilio lile lingemezwa.

Akiwa melini aliandika kitabu juu ya lugha na desturi za Wanarragansett, kilichochapwa London mwaka huohuo wa 1643. Ndani yake aliwaonya Waingereza wasijivunie kuzaliwa kwao, maana mwenyeji wa Amerika ni ndugu yao kwa damu. Kitabu kilipendwa, na kilimfungulia milango. Machi 1644 alipata hati iliyoitambua miji yake na kuiruhusu ijitawale. Hati hiyo ilizungumzia serikali ya kiraia tu. Aliporudi, safari hii alipita Boston, akiwa na barua ya njia kutoka kwa wakubwa wa Bunge. Inasimuliwa kwamba alipokaribia nyumbani alilakiwa na mitumbwi 14 iliyojaa watu.

Bustani na pori

Huko London, mwaka huo wa 1644, alichapa pia maandishi yaliyomfanya akumbukwe hadi leo. Katika mojawapo alitumia mfano wa bustani. Kanisa ni bustani ya Mungu, na dunia ni pori. Kati yake pana ukuta. Watu walipotoboa tundu katika ukuta huo, Mungu aliubomoa wote, na bustani ikageuka kuwa pori. Angalia vizuri mfano huo unamlinda nani. Williams hakuwa na hofu kwamba mapadri na wachungaji wataiharibu serikali. Alihofia kwamba serikali italiharibu kanisa.

Kitabu kikubwa zaidi kilipinga mateso kwa ajili ya dhamiri. Kilikuwa jibu kwa John Cotton, mhubiri maarufu wa Boston. Cotton alikuwa na hoja ya kijanja. Alisema mtu akikosolewa mara mbili na bado akaendelea na kosa, basi anapingana na dhamiri yake mwenyewe, kwa hiyo kumwadhibu si kumtesa kwa ajili ya dhamiri. Williams alijibu kwamba kwa hoja hiyo kila mtesaji duniani ana haki, maana kila mmoja anaamini kwamba ndiye aliyefundisha ukweli.

Akarudi kwenye Injili ya Mathayo, katika ule mfano wa ngano na magugu. Bwana wa shamba aliwazuia watumwa wake wasing'oe magugu, wasije wakang'oa na ngano. Shamba lile, alieleza Williams, ni dunia. Magugu yaachwe hadi mavuno. Akahesabu damu iliyomwagwa Ulaya na wafalme waliojifanya wavunaji kabla ya wakati. Akasema pia kwamba mtu aliyelazimishwa kusali hasali, bali anadanganya, na taifa linalolazimisha sala linazalisha wanafiki. Kwa hiyo akataka uhuru kwa wote: Wakristo wa kila aina, pamoja na Wakatoliki aliowapinga vikali, Wayahudi, Waislamu, na hata wasiokuwa na dini. Agosti 1644 Bunge liliamuru kitabu hicho kichomwe moto hadharani.

Meli moja, abiria wengi

Mwaka 1651 hati ile ilihatarishwa na mpinzani wa ndani, na Williams akarudi London. Ili kupata nauli na gharama za kukaa huko, aliuza duka lake la Cocumscussoc, lililokuwa tegemeo la familia. Wanaojua maana ya kuuza mtaji wataelewa ukubwa wa sadaka hiyo. Alifanikiwa, na katika siku hizo alifahamiana na mshairi John Milton, ambaye Williams alimfundisha Kiholanzi. Mwaka huohuo huko Boston, Mbatisti mmoja kutoka Newport aitwaye Obadiah Holmes alichapwa mijeledi 30 kwa kuhubiri bila kibali.

Williams aliporejea mwaka 1654 alichaguliwa kuwa rais wa koloni. Akakutana na tatizo jipya. Wako waliosema kwamba kama dhamiri ni huru, basi hawatakiwi kutii sheria yoyote wasiyoipenda, wala kutumika katika mgambo. Mapema mwaka 1655 alijibu kwa mfano wa meli. Ndani ya meli moja wamo Wakatoliki, Waprotestanti, Wayahudi na Waislamu. Hakuna hata mmoja anayepaswa kulazimishwa kuhudhuria sala za melini, wala kuzuiwa sala zake mwenyewe. Lakini nahodha ana haki ya kuongoza meli, kudai nauli, kudumisha amani na kumwadhibu mwasi. Mfano huo unaeleza jambo zima kwa ufupi. Uhuru wa dini si ruhusa ya kukwepa kodi na sheria, na uongozi wa meli si ruhusa ya kuongoza sala.

Jaribio kubwa likaja na Waquaker, yaani kanisa la Marafiki, ambalo siku hizi lina waumini wengi magharibi ya Kenya na pia huko Burundi. Mwaka 1657 makoloni ya jirani yalilitaka koloni la Williams, Rhode Island, liwafukuze. Likakataa. Boston iliwanyonga Waquaker wanne kati ya 1659 na 1661, akiwemo mama mmoja wa Newport, Mary Dyer. Williams mwenyewe aliyachukia mafundisho ya Waquaker. Mwaka 1672, akikaribia miaka 70, alipiga makasia kutwa nzima hadi Newport kwenda kujadiliana nao hadharani kwa siku kadhaa, na baadaye akaandika kitabu kikali dhidi yao. Lakini alitumia ulimi na kalamu tu. Hakuna Mquaker aliyefungwa, wala kutozwa faini.

Wayahudi nao walifika Newport mnamo 1658. Na mwaka 1663 mfalme Charles II alitoa hati mpya, iliyotafutwa na John Clarke, ikisema waziwazi kwamba hakuna mtu wa koloni hilo atakayesumbuliwa kwa tofauti za maoni ya dini maadamu havunji amani.

Madoa na mwisho wake

Haifai kumfanya malaika. Baada ya vita vya 1637 aliomba na kupewa mtoto mateka wa Kipequot awe mtumishi nyumbani kwake. Mwaka 1652 miji ya Providence na Warwick ilipitisha sheria ya kuzuia utumwa wa maisha, lakini haikutekelezwa, na katika karne iliyofuata Newport ikawa bandari kubwa ya biashara ya watumwa kutoka Afrika.

Uzee wake ulikuwa wa uchungu. Mwaka 1675 vilizuka vita kati ya Waingereza na wenyeji, na urafiki wa miaka 40 ukavunjika. Machi 1676 Providence ilichomwa moto, na nyumba ya Williams nayo ikaungua. Baada ya vita aliketi katika kamati iliyowauza mateka wa Kinarragansett katika utumwa wa miaka kadhaa. Ni watu walewale ambao wazee wao walimpokea alipokuwa hana pa kulala.

Alifariki mwanzoni mwa mwaka 1683, akiwa maskini. Hata kaburi lake halikuwekwa alama ya kudumu.

Mbegu yake ilichelewa kuota. Baada ya kifo chake hata Rhode Island yenyewe iliwahi kuwanyima Wakatoliki na Wayahudi haki ya kupiga kura. Lakini mwaka 1791 Marekani iliongeza katika katiba yake kifungu kinachokataza Bunge kuweka dini ya taifa au kuzuia watu kuabudu. Mwaka 1802 rais Thomas Jefferson alitumia tena mfano wa ukuta, katika barua kwa Wabatisti wa Connecticut waliolalamika kwamba jimbo lao linawabagua. Massachusetts iliacha kukusanya kodi ya kanisa mwaka 1833 tu, ikiwa ya mwisho. Na mwaka 1936, miaka 300 baada ya safari ile ya kwenye theluji, Bunge la Massachusetts lilifuta rasmi hukumu ya kumfukuza Roger Williams.

Katika nchi zetu, katiba ya Uganda ya 1995 na ya Kenya ya 2010 zinakataza dini ya taifa, na katiba za Rwanda, Burundi na Kongo zinatamka kwamba dola haifungamani na dini. Wako wanaosikia maneno hayo na kudhani kwamba ni njama ya kumwondoa Mungu. Maisha ya Williams yanaonyesha vingine. Hoja hiyo ilipiganiwa na mtu aliyesali kila siku, aliyeikariri Biblia, na aliyekuwa tayari kufa kwa baridi kuliko kukiri asichokiamini. Alichokidai kwa ajili yake alikidai pia kwa Mwislamu ambaye labda hakuwahi kumwona, na kwa Mquaker aliyemchukia. Serikali ichunge njia, soko na amani. Sala imwachie mwenye kusali.